Doa jeusi unyayoni lisipuuzwe

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi hapa Moshi. Doa jeusi unyayoni laweza kuwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Wengi wanaokuja na doa jeusi unyayoni huwa wameshalikwangua au kulipaka dawa za mizizi, wakidhani ni mwiba. Wanapofika, tezi za kinena zimeshavimba, dalili kwamba huenda saratani imeshasambaa. Inaniuma, maana likiwahiwa hukatwa likaisha.

Wasomaji waelewe kinachotokea mle ndani. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hushikamana na jirani zake kwa protini iitwayo E-kadherini, na majirani hao huzizuia zisizaliane ovyo. Kundi hili la protini, yaani kadherini, lilitambuliwa na Masatoshi Takeichi wa Japani na wenzake, miaka ya 1980. Katika melanoma, mara nyingi seli hupoteza E-kadherini na kuanza kutoa nyingine, N-kadherini, inayoshikana na seli za tabaka la chini na za kuta za mishipa ya damu. Ni kama mtoto aliyeachia mkono wa mama sokoni akashika wa mgeni. Hapo saratani huzama, kisha husafiri hadi mapafu, ini, hata ubongo.

Wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wanakosea sana. Bob Marley ulimwanzia kidoleni mwa mguu. Alifariki 1981 akiwa na miaka 36. Sisi watu weusi hutuanzia hasa unyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo.

Nawasihi wenzangu wa zahanati: mgonjwa wa kisukari akija kupimwa, itumieni nafasi hiyo kutafuta doa: avue viatu na soksi, nyayo zote mbili zitazamwe.

Muuguzi,
Moshi