Shukrani kwa Mtaalamu wa Matamshi, Muscat
Kwako dada uliyemhudumia baba yetu baada ya kiharusi, ambaye hatukupata kulijua jina lako, tunakushukuru kwa dhati. Wengine walidhani akili yake imepotea. Wewe ulitueleza kwamba maneno yalikuwa timamu kichwani, ila misuli ya ulimi na koo ilikuwa imelegea, hivyo katika Kiarabu chake herufi swadi, yaani 's' nzito, ikasikika kama sini, yaani 's' nyepesi, kwa sababu shina la ulimi halikurudi nyuma, na herufi aini, inayobanwa kooni, ikafifia kabisa. Hukumpa mazoezi ya lugha nyingine, bali ulimrudisha kwenye jozi za Kiarabu chenyewe: sayf, yaani upanga, na swayf, yaani kiangazi (jozi iliyomchekesha sana). Juzi aliagiza kahawa mwenyewe, na muuzaji hakumtaka arudie.