Haki ya kutengeneza simu zetu

Mhariri,

Uganda ina sera ya taka za kielektroniki tangu mwaka 2012, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inasimamia utupaji wa taka, lakini mjadala wetu huanzia pale kifaa kinapokuwa kimekwisha kufa. Mafundi wa simu wa hapa Kampala, ambao kwa maoni yangu wamepunguza taka kuliko semina zote, hubadilisha betri na vioo kwa vipuri walivyovifungua kutoka simu mbovu. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji hugandisha betri kwa gundi, na wengine hufunga programu ili kipuri kisichotoka kwao kikataliwe. Simu yangu mwenyewe ilikataa kioo kizima kabisa!

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji wa simu, majokofu na mashine za kufulia kuvikarabati vinapoharibika, kwa bei ya haki, hata baada ya dhamana kuisha. Kwa kuwa simu nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika kwingineko, Bunge letu liwadai waagizaji wa simu watoe vipuri na miongozo ya ufundi.

Msomaji wako,
Ntinda, Kampala