Breki za tela zifungwe kabla dereva hajashuka

Ndugu Mhariri,

Kuna ubishi usiokwisha madereva wa malori wanapokutana kwenye maegesho. Ukisimama, ufunge na breki za tela, au uache za kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela, zishike peke yake? Wengi husema kichwa kinatosha. Nimeendesha malori ya tela miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba tela ifungwe kila mara, kabla dereva hajakanyaga chini. Naomba nafasi nieleze.

Breki ya kuegeshea ya lori lenye breki za upepo ni springi. Springi hiyo nzito imo ndani ya chemba ya breki, na upepo ndio unaoizuia isibane. Ukitoa upepo, springi inatanuka na kushika magurudumu. Gari lilale hata siku tatu, matangi yakauke kabisa, springi itakuwa pale pale. Breki ya mguu haiko hivyo, wala kile kipini cha tela kilicho karibu na usukani. Hivyo hushika kwa nguvu ya upepo, na upepo huvuja. Dereva anayevuta kipini kile kisha akashuka ameacha mzigo wote ukishikiliwa na kitu kinachopungua kila dakika.

Kwenye malori ya Marekani ni rahisi kuelewa: ukivuta kitufe cha manjano, kichwa na tela vinafungwa pamoja, chekundu hufunga tela tu. Kwenye mengi ya Ulaya, ukivuta handi breki, springi za kichwa zinabana lakini tela inashikwa na upepo. Ndiyo maana handi breki hiyo ina nafasi ya kujaribia, inayoachia tela ili dereva aone kama kichwa peke yake kinamudu. Kanuni za huko hutaka kimudu gari zima lenye mzigo kwenye mteremko wa asilimia 12. Lakini hicho ni kipimo cha breki nzima, si za gari lenye lainingi (bitana za breki) zilizolika. Tela ina kitufe chake cha kuegeshea, na kimewekwa kitumike.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kuunga tela na kichwa na kuviachanisha. Wapo wanaochomoa tu mpira mwekundu unaopeleka upepo kwenye tela, tela ikashtuka na kushika, wakaondoka wakidhani wameifunga. Kumbe kwenye tela nyingi breki hiyo ya dharura inaishi kwa upepo uliobaki kwenye tangi la tela. Likivuja, tela iko huru. Na hata lisipovuja, anayekuja kuunga ataiachia yeye mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuja kuunga. Ilikuwa usiku, nikarudi nyuma mpaka kingipini, ile pini ya tela inayonasa kwenye kichwa, ikaingia, klak. Nikashuka bila kuvuta handi breki, maana uwanja ulionekana tambarare. Nikapanda nyuma ya kabini, nikachomeka mpira mwekundu. Upepo ukaingia, pssss, na bati nililosimamia likaanza kusogea chini ya miguu yangu. Kwenye usukani hapakuwa na mtu. Niliruka nikataka kukimbilia mlango. Utingo wangu akanidaka shati kwa nguvu hadi vifungo viwili vikakatika. Gari likajivuta taratibu mpaka likagota kwenye tuta la udongo, pembeni kabisa mwa lori lililokuwa limeegeshwa. Mlango niliokuwa naukimbilia ulikuwa upande wa lori lile. Madereva wenzetu wamekufa hivyo hivyo, wamebanwa wakijaribu kupanda gari linalotembea.

Yupo atakayesema breki za tela zikifungwa muda mrefu hunata. Hunata kweli, hasa kwenye baridi ya kugandisha, breki zikiwa zimelowa. Dawa yake ni kuzikausha kabla ya kuegesha: tembea gia ndogo huku ukikanyaga breki kidogo kidogo. Na ukitoka kushuka mlima mrefu, drumu zinachoma, usizifunge papo hapo; joto lile huharibu breki. Tafuta tambarare, utingo aweke kabari, wewe usishuke, zikishapoa ndipo ufunge. Hayo mawili ndiyo ninayoyakubali. Breki inayonata kila asubuhi bila baridi wala mvua inataka fundi.

Kwenye kupakia pia, foklifti ikiingia na kutoka huisukuma tela ikatambaa mbele, pengo likafunguka kati yake na jukwaa. Tela za mabaluni, zinazokaa juu ya mifuko ya upepo badala ya springi za chuma, ndizo hutambaa zaidi, kwa sababu hushuka mzigo unapoongezeka. Toa upepo wa mabaluni kwanza, funga breki, weka kabari.

Ninachowaomba wenye malori na wasimamizi wa yadi ni kidogo. Tela isipokelewe mpaka kitufe chake cha kuegeshea kimevutwa na msimamizi amekiona kwa macho yake. Anayekuja kuiunga naye akikague, na handi breki ya kichwa iwe imevutwa, kabla hajagusa mpira wowote. Kila gari liwe na kabari mbili za kweli, si mawe ya kuokota. Ile tela ya usiku ule haikuwa na hata jiwe.

Wako,
Dereva wa malori ya tela