Shukrani kwa dada wa zamu ya usiku

Dada muuguzi, jina lako sikuliuliza. Usiku ule akili zangu hazikuwa zangu. Nakukumbuka kwa sweta la bluu na kalamu uliyoichomeka kwenye nywele.

Baba alikohoa miezi minane. Alipimwa kifua kikuu, hakuna. Picha ikaonyesha kivuli kwenye pafu la kulia, na neno saratani likatamkwa. Nyumbani tulishaanza kunong'ona habari za mirathi, Mungu atusamehe.

Wewe ulikuja kubadilisha dripu tu. "Shikamoo baba. Hivi, uliwahi kupaliwa na kitu?" Mzee akacheka mpaka akakohoa: ndiyo, alipaliwa na ubuyu kwenye arusi ya mjukuu wake, mwaka uliopita. Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata sisi wanawe. Ukamfuata daktari mwenyewe.

Walipopitisha mpira wenye kamera wakatoa kokwa moja nyeusi, imezingirwa na nyama iliyoota. Daktari alitueleza kwamba njia ya hewa ya kulia ni pana na imesimama wima zaidi, ndiyo maana vitu huangukia huko, na mbegu mara nyingi haionekani kwenye picha. Baadaye nikasoma kuwa mwaka 2017 madaktari wa Preston, Uingereza, waliripoti habari za mtu wa miaka 47 aliyedhaniwa ana saratani, kumbe ni kidude cha kuchezea cha Playmobil kilichomwingia utotoni.

Sasa baba anapanda ngazi za msikiti bila kusimama. Ubuyu tumempiga marufuku, ananuna. Kila Ijumaa anauliza kama nimekupata.