Nusu saa ya ngoma ni kazi ya siku nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu swali ambalo kamati za harusi za Moshi na mameneja wa hoteli za Arusha hutuuliza kila msimu, mara nyingine kwa utani na mara nyingine kwa hasira: kwa nini kikundi cha muziki wa asili kitoze Sh 600,000 kwa onyesho la nusu saa? Mimi ni mpiga zeze katika kikundi cha watu saba chenye makao yake Ngaramtoni, na kazi hii ndiyo inayolisha nyumba yangu. Swali lenyewe silioni kuwa la uchokozi, ila linahesabu dakika za jukwaani peke yake.

Chukua mfano wa harusi ya Marangu, ambako tunakodiwa kuisindikiza ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, inapoingizwa ukumbini. Siku hiyo huanza saa 4 asubuhi kwa kupakia ngoma, marimba, manyanga na mabegi ya mavazi kwenye Noah ya kukodi, maana kondakta wa basi akiiona ngoma kubwa huitoza nauli kama abiria. Kamati hututaka tufike saa 8 mchana. Maharusi huingia saa 1 usiku, na ndafu huletwa saa 3. Katika saa hizo zote hatukai tukinywa soda. Marangu iko mlimani, hewa yake ni ya baridi na unyevu, na ngozi ya ngoma ikishanyonya unyevu hulegea, ukiipiga inatoa sauti ya ndoo iliyojaa nguo. Ni lazima ioteshwe moto taratibu, kwa mbali, huku ikigongwa na kusikilizwa, kwa kuwa ikisogezwa mno hupasuka na hasara ni yetu. Walinzi wa kumbi hawataki kuona moto uani, na mara nyingi anayetuokoa ni mchoma ndafu, ambaye hutugawia kona ya makaa yake. Tukishamaliza kukaza ngozi, mshereheshaji hutujulisha kwamba ratiba imechelewa, hivyo tucheze dakika 12 tu. Tunarudi Ngaramtoni saa 8 usiku.

Sasa zigawanywe hizo Sh 600,000. Gari na mafuta huchukua Sh 160,000, aliyetuunganisha na kamati huchukua Sh 60,000, chakula cha njiani Sh 35,000, na Sh 60,000 huwekwa akiba ya kununulia ngozi, nyuzi na mavazi. Kila mmoja wetu hubaki na Sh 40,000 kwa saa 16 za kazi, na Sh 5,000 inayosalia hununua vocha ya kiongozi wa kikundi. Hapo bado sijahesabu mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, ambayo hakuna anayeyalipia. Ni kweli kwamba wageni hututuza tunapocheza, lakini zawadi haiwezi kupangiwa kodi ya nyumba, na ziko kamati zinazotaka hata hizo noti zihesabiwe kuwa sehemu ya malipo.

Hata hivyo, kinachotuumiza zaidi ya udogo wa fedha ni kucheleweshwa kwake. Tulipiga ngoma katika hoteli moja ya njia ya kwenda Karatu kila Ijumaa kwa miezi mitatu, tukiambiwa kwamba malipo hutolewa siku 60 baada ya ankara, ilhali mtalii wa safari kwa kawaida hulipa kabla hajapanda ndege. Fedha ilipotoka ilikuwa imekatwa kodi ya zuio, jambo ambalo hatulipingi, lakini cheti cha makato hatujakiona hadi leo. Wapo watakaoniambia kwamba makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na sheria. Nakubali, lakini ni nani atakayepoteza siku tano za kazi katika Mahakama ya Mwanzo kudai Sh 200,000 kutoka kwa mteja ambaye yeye mpigaji bado anamtegemea amwite tena mwezi ujao?

Ucheleweshaji huo huuma zaidi kati ya Machi na Mei. Masika ikishika, watalii hupungua na baadhi ya kambi hufungwa. Kwaresima nayo husimamisha harusi makanisani, na katika mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, Machi ileile. Mpiga ngoma wetu mkuu huponea kibarua cha ujenzi katika miezi hiyo, na vidole vyake hurudi vikiwa vigumu kama matofali aliyokuwa akiyabeba.

Niruhusu pia manung'uniko madogo. Baadhi ya hoteli hututaka sote tuvae lubega na kurukaruka kama Wamaasai, hata kama nusu ya kikundi ni Wagogo na Wameru. Marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze la Wagogo hadi Ulaya likasikilizwa kama lilivyo. Hapa Arusha nimeshaombwa nilifiche nyuma ya meza ya saladi kwa sababu halifanani na picha za kwenye kipeperushi.

Tangu Juni kikundi chetu kimeanza kutumia karatasi moja ya makubaliano: muda wa kufika na muda wa kucheza, mahali pa kuotesha ngoma, nusu ya malipo siku ya kukubaliana na nusu iliyobaki kutumwa kwa simu kabla ndafu haijaingia, na malipo kuwa yaleyale hata ratiba ikitubana tucheze dakika 12. Kamati mbili za Moshi zimetia saini bila kinyongo. Ya tatu ilicheka, ikaamua kukodi spika. Kwa kuwa Desemba, mwezi ambao Wachaga wengi hurudi nyumbani na sherehe zikafuatana kila wikiendi, haiko mbali, naziomba kamati ambazo bado zinapanga bajeti ziiombe karatasi hiyo mapema, na hoteli nazo zitueleze kama ziko tayari kutulipa usiku uleule tuliocheza.

Mpiga zeze,
Ngaramtoni, Arusha