Kabla ya kutangaza rekodi ya galaksi, ulizeni mstari wa 4363

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya muda kurasa za sayansi za magazeti yetu hutangaza kwamba wanafalaki wamepata galaksi "yenye metali kidogo kuliko zote". Ni habari njema, na kwa kuwa falaki haipati nafasi kubwa kwenye magazeti ya Kiswahili, tunashukuru kila inapochapishwa. Shida ni kwamba namba inayotajwa huachwa ikielea, msomaji haambiwi imepatikanaje. Tunaomba nafasi tueleze, maana rekodi za aina hii hutegemea mstari mmoja hafifu wa nuru, yaani rangi moja finyu ya oksijeni yenye namba 4363 inayoonekana nuru ya galaksi inapotawanywa, na mstari huo ukikosewa kidogo tu, rekodi huzuka mahali isipokuwepo.

Kwa wanafalaki, metali ni elementi yoyote iliyo nzito kuliko heli. Oksijeni, kaboni na neoni zote zimo. Katika galaksi kibete zenye gesi, kinachopimwa kwanza ni oksijeni, kwa sababu ndiyo nyingi kuliko metali nyingine na mistari yake mikuu imo kwenye nuru inayoonekana kwa macho. Kiasi chake huandikwa kwa logi, yaani kila hatua ya 1 ni mara kumi, katika kipimo ambacho hidrojeni imepewa 12. Jua liko 8.69, yaani atomu 49 hivi za oksijeni kwa kila atomu 100,000 za hidrojeni. I Zwicky 18, galaksi kibete iliyo upande wa kundinyota la Dubu Mkubwa, iko karibu na 7.2, Leonard Searle na Wallace Sargent ndio walioonyesha mwaka 1972 kwamba oksijeni yake ni haba mno. Leo P, iliyogunduliwa kwa mawimbi ya redio ya hidrojeni kupitia darubini ya Arecibo, ina 7.17. AGC 198691, ambayo wengi huiita Leoncino, ilitangazwa mwaka 2016 ikiwa na 7.02, na mwaka 2018 ikafuata J0811+4730 yenye 6.98. Tazameni zilivyobanana. Kati ya hizo mbili za mwisho tofauti ni 0.04, sawa na asilimia 9 hivi ya oksijeni.

Sasa namba hizo hutokaje? Ndani ya galaksi hizi kuna mawingu ya gesi yaliyozunguka nyota changa zenye joto kali. Nuru ya urujuanimno ya nyota hizo hung'oa elektroni kwenye atomu, na sehemu kubwa ya oksijeni hubaki imepungukiwa elektroni mbili. Elektroni zilizo huru huigonga oksijeni hiyo na kuipandisha ngazi za nishati. Inaposhuka, hutoa nuru ya rangi maalumu. Ikitoka ngazi ya kwanza, ambayo kuifikia kunahitaji eV 2.5 (elektroni-volti, kipimo cha nishati), hutoa mistari ya angstromu 4959 na 5007 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi la nuru). Ikiwa ilifika ngazi ya pili, inayodai eV 5.3, hutoa mstari wa 4363. Gesi isiyo na joto la kutosha haiwezi kuifikisha huko juu. Kwa hiyo uwiano wa mistari hii mitatu ni kipimajoto, na bila kujua halijoto oksijeni haihesabiki: mstari wa 5007 unaweza kuwa mkali kwa sababu oksijeni ni nyingi, au kwa sababu gesi ni ya moto sana. Metali ndizo zinazoipoza gesi, kwa hiyo galaksi maskini wa metali huwa na gesi ya moto zaidi. Ndiyo maana anayeangalia ukali wa 5007 peke yake hudanganyika.

Tuchukue namba zinazokaribia zile za sehemu ya kaskazini-magharibi ya I Zwicky 18. Mstari wa hidrojeni wa 4861 tuupe 100. Hapo 5007 ni 200, 4959 ni 67, jozi ya mistari ya oksijeni ya 3727 ni 28, na 4363 ni 6.5 tu. Ile miwili mikubwa jumla yake ni 267. Igawe kwa 6.5, unapata 41. Katika gesi nyembamba kama hii uwiano huo ni sawa na 7.9 mara e (namba 2.718) yenye kipeo cha 32,900 kugawa kwa halijoto, na 41 hutupa kelvini 20,000 hivi. Kwa halijoto hiyo, 267 yetu ni sawa na atomu 1.14 za oksijeni iliyopoteza elektroni mbili kwa kila hidrojeni 100,000. Jozi ya 3727 hutoka kwenye oksijeni iliyopoteza elektroni moja, ambayo hukaa kwenye gesi ya joto dogo kidogo, kama kelvini 15,600. Hiyo huongeza 0.22. Jumla ni karibu 1.37, na kwa logi ni 7.14.

Sasa chukulieni kwamba 4363 imesomwa 7.8 badala ya 6.5, kosa la asilimia 20 juu. Uwiano unashuka hadi 34, halijoto inapanda hadi kelvini 22,400, na oksijeni yote inakuwa 1.14 badala ya 1.37. Kwa logi ni 7.06. Galaksi ni ile ile, wingu ni lile lile, ila sasa imeanza kuisogelea rekodi.

Na kosa hili haliendi pande zote mbili kwa usawa. Mstari hafifu unapokuwa karibu kuzama kwenye kelele za kipokezi, mpimaji huuona pale kelele ilipousukuma juu. Pale kelele ilipoushusha, huandika kwamba haukuonekana, na galaksi hiyo haiingii kwenye jedwali. Matokeo yake, mistari iliyopimwa kwa nguvu ya mara tatu au nne tu ya kelele huonekana, kwa wastani, mikubwa kuliko ilivyo. Halijoto inazidishwa, oksijeni inapunguzwa. Ukikagua galaksi elfu moja na kuchagua ile yenye oksijeni ndogo kuliko zote, umejiweka kwenye hatari ya kuchagua ile ambayo kelele imeichezea zaidi. Ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Mitego mingine huanzia kwenye darubini yenyewe. Angahewa hupinda nuru ya buluu kuliko nyekundu. Galaksi ikiwa nyuzi 40 juu ya upeo wa macho, picha yake kwenye 3727 na ile ya 6563, mstari mwekundu wa hidrojeni, huachana kwa zaidi ya sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi). Mwanya wa spektrografu, chombo kinachotawanya nuru kuwa rangi, wenye upana wa sekunde moja ukilazwa vibaya, nuru ya upande mmoja hubaki nje, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoirudisha. Dawa ni kuulaza mwanya wima, kutoka upeoni kuelekea utosini, ili rangi zote zitawanyike ndani ya mwanya ule ule. Kwa bahati nzuri 4363 ina jirani mwema: mstari wa hidrojeni wa 4340, angstromu 23 tu pembeni yake. Angahewa, vumbi na kasoro za kipokezi huiathiri yote miwili karibu sawa. Basi 4363 ipimwe kwanza dhidi ya 4340, halafu 4340 iunganishwe na 4861 kwa uwiano wa nadharia, ambao ni 0.47.

Urefu wa muda wa picha nao unahitaji akili. Katika mfano wetu 5007 ni mara 30 ya 4363. Picha ndefu inayoutoa mstari mdogo vizuri inaweza kukishibisha kipokezi pale mstari mkubwa ulipoangukia, kwa hiyo pigeni na picha fupi za galaksi hiyo hiyo usiku huo huo. Kuna kipimo cha haraka cha kukagua: 5007 kugawa kwa 4959 lazima itoe 2.98 hivi, kwa kuwa namba hiyo huwekwa na fizikia ya atomu, haibadiliki kwa joto wala kwa vumbi. Ukipata 2.7, shuku kwamba 5007 imeshiba, na usiendelee na hesabu nyingine yoyote.

Vumbi nalo hufifisha nuru ya buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo kiasi chake hupimwa kwa mistari ya hidrojeni: kanuni ya vitabuni husema kwamba pasipo vumbi 6563 kugawa kwa 4861 ni 2.86. Hiyo ni kwa gesi ya kelvini 10,000. Kwenye gesi ya kelvini 20,000 ni 2.75. Mwenye kutumia 2.86 kwenye I Zwicky 18 anaweza kupata vumbi hasi, jambo lisilowezekana. Hatari zaidi ni nyota zenyewe, ambazo zina mistari myeusi ya hidrojeni chini ya mistari angavu ya gesi, na mistari hiyo myeusi huila 4340 na 4102 kuliko inavyoila 6563. Usipoirekebisha, 4340 huonekana dhaifu. Hapo vumbi linaonekana jingi kuliko lilivyo, uwiano wa 4363 kwa 4340 unapanda, joto linapanda, na oksijeni inashuka tena. Vumbi na mistari myeusi havina budi kutatuliwa pamoja, kwa kuzungusha hesabu hadi mistari yote ya hidrojeni ikubaliane.

Taa za mijini pia zina dhambi yake. Taa za zebaki hutoa mstari wa 4358. Leo P inatukimbia kwa kilomita 260 hivi kwa sekunde, na mstari wake wa 4363 tunaupokea kwenye 4367, umbali wa angstromu 9 tu kutoka uchafu huo. IC 10, galaksi kibete nyingine, inatujia kwa karibu kilomita 350 kwa sekunde, na mstari wake unaangukia juu kabisa ya ule wa zebaki.

Mstari wa 4363 usipoonekana, wanafalaki hutumia mistari mikali peke yake: jumla ya 3727, 4959 na 5007 kugawa kwa 4861. Kwenye mfano wetu ni 2.95. Lakini 2.95 hiyo hiyo hutokea pia kwenye galaksi yenye oksijeni inayokaribia ya Jua, kwa sababu uwiano huu hupanda kadiri oksijeni inavyoongezeka, kisha hurudi chini gesi inapopoa. Ili kujua uko upande gani wa mlima, tazama mstari wa naitrojeni wa 6584. Ukiwa haupo au ni hafifu sana, uko upande wa maskini. Hata hapo kanuni za mistari mikali zilizopo hazikubaliani: kwa galaksi ile ile zinaweza kuachana hadi 0.7. Kuweka namba ya njia hii kwenye safu moja na ile ya 4363 ni kumpotosha msomaji.

Galaksi kibete zisizo na gesi, kama Segue 1 au Draco, ni habari nyingine. Huko hupimwa nyota moja moja, na kinachotajwa huwa ni chuma. Ukisoma "hasi 3", maana yake ni sehemu moja ya elfu ya chuma cha Jua, na haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na oksijeni ya I Zwicky 18.

Usahihi huu una uzito kwa sababu galaksi hizi ndizo hutumika kukadiria heli iliyoachwa na Mlipuko Mkuu, karibu asilimia 24.5 ya masi yote ya kawaida. Heli hupimwa kwenye galaksi zenye oksijeni tofauti, halafu mstari huchorwa kurudi nyuma hadi mahali oksijeni ni sifuri. Halijoto ikikosewa, heli pia inakosewa. Tangu mwaka 2022 darubini ya James Webb nayo imekuwa ikipima 4363, kwenye galaksi ambazo nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 600 hivi, na mitego ya kelele ni ile ile.

Kwa wanafunzi wa fizikia wa vyuo vyetu, kazi hii haihitaji darubini. Spektra (nuru iliyotawanywa kuwa rangi) za SDSS, mradi wa kupima anga, ziko wazi kwa kila mtu, na programu ya PyNeb, inayotumia lugha ya Python, hufanya hesabu za joto na oksijeni kwenye kompyuta ya kawaida. Jihadharini na jambo moja: spektrografu ya kwanza ya SDSS ilianzia angstromu 3800, kwa hiyo kwenye galaksi za karibu jozi ya 3727 haimo. Tumieni jozi ya 7320 na 7330 badala yake, ambayo ni hafifu, lakini hutoka kwenye oksijeni ile ile. Anayetaka data yake mwenyewe, darubini ya SALT iko Sutherland, Afrika Kusini. Eneo la kioo chake linalotumika hubadilika wakati wa kufuatilia galaksi, kwa hiyo ung'avu kamili haupatikani kwa uhakika, ila uwiano wa mistari hupatikana vizuri, na kwa oksijeni uwiano ndio unaotakiwa.

Kwenu wahariri, ombi letu ni hili. Habari ya rekodi ikifika mezani, tafuteni ndani yake kama 4363 ilionekana, na kwa nguvu ya mara ngapi ya kelele. Namba ichapishwe pamoja na kiasi chake cha mashaka, 6.98 pekee haitoshi, ila 6.98 yenye mashaka ya 0.02 inajieleza. Itajwe kama ni oksijeni ya gesi au chuma cha nyota. Na kama mstari huo haukuonekana, neno "makadirio" liwekwe kwenye kichwa cha habari, si kwenye aya ya mwisho.

Ni sisi wasomaji wenu, wapenzi wa falaki,
Dar es Salaam