Anayekatazwa kukata alipwe: mboji ya Ireland na mkaa wetu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja wa gazeti lenu ameuliza kwa nini Wazungu watuhimize kuacha mkaa ilhali wao wenyewe wanachoma udongo. Naishi kijijini Ireland, katika kaunti ya Roscommon, nilikoolewa, na huo udongo nauchoma. Naomba nafasi nimjibu.

Ni mboji ya kinamasi, mabaki meusi ya mimea yaliyolundikana kwa maelfu ya miaka. Kwa mama mkwe wangu, jiko moja la chuma linalokula mboji ndilo linalopika, linachemsha maji na kutia nyumba joto.

Bei ya kukatiwa huhesabiwa kwa hopa, yaani chombo kinachovutwa na trekta. Eskaveta inachimba na kukijaza, nacho kinakamua mboji na kuilaza chini kwa mistari mirefu, kama tambi nene kiasi cha mkono wa mtu. Msimu uliopita tulikatiwa hopa kumi, kila moja yuro 40. Yuro 400 kwa joto la miezi yote ya baridi! Ndugu zangu wa Morogoro waliposikia walisema ni bure.

Si bure. Hiyo ni bei ya mashine tu. Ngozi ya juu ikishakauka tunarudi kusimamisha vipande, vitano au sita vikiegemeana ili upepo upite katikati. Unainama tangu asubuhi. Wadudu wadogo kuliko mbu wanakuuma hadi kwenye ngozi ya kichwa, na mvua ikishika wiki nzima, kazi inaanza upya. Mama ana miaka 78 na kiuno kimegoma, hivyo anawalipa vijana wamsimamishie, halafu analipa trekta ya kuleta mzigo ghalani. Tulipojumlisha pale mezani, kazi ya mikono ilikuwa imezidi malipo ya kukata.

Na kinamasi chenyewe hakuna anayekilipa. Mboji huongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo anayechimba mita moja anaondoa kazi ya miaka elfu.

Ndiyo maana serikali ya Ireland ilizuia ukataji katika vinamasi vilivyo chini ya hifadhi. Lakini, Mhariri, tangu 2011 wenye haki ya kukata humo waliwekewa fidia: yuro 1,500 kila mwaka kwa miaka 15, au kutafutiwa kinamasi kingine, na wakati wakisubiri waletewe tani 15 za mboji kwa mwaka. Wengi walinung'unika, na wapo waliokaidi wakaendelea kukata hata polisi walipofika. Hata hivyo, mtu aliambiwa acha, na akaambiwa atapata nini akiacha. Tangu Oktoba 31, 2022 mboji hairuhusiwi kuuzwa madukani wala mtandaoni, ila mwanakijiji mwenye haki yake ya kukata bado anaruhusiwa kukata ya jiko lake.

Tanzania tumeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na tumejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naliunga mkono kwa moyo wote. Nimekulia katika jiko la moshi na kikohozi cha bibi yangu nakikumbuka mpaka leo. Ninachouliza ni habari ya mchoma mkaa. Namwona akitajwa kwenye taarifa za magunia yaliyokamatwa na baiskeli zilizotaifishwa. Kwenye hesabu za malipo simwoni.

Mtakapoandika tena bei ya gunia, naomba mwandishi wenu afike hadi kwenye tanuri. Amuulize mchomaji amekesha siku ngapi akiziba nyufa kwa udongo, gunia limemwachia shilingi ngapi mkononi, na akiacha kazi hiyo kesho, nani amemwahidi nini.

Msomaji wenu,
Roscommon, Ireland